Barua kwa Ami kutoka Kangemi

Kangemi, Nairobi

Ami yangu mpendwa,

Natumai hujambo, na mashine yako ya kukereza hapo Changamwe haijambo pia. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya Nairobi inatushika masikio. Tulipoagana uliniachia kazi mbili: nikutafutie visu vya kabaidi vya kukerezea chuma, na nikuletee jibu la lalamiko lako la kila siku, kwamba vipande viwili vya umbo moja na rangi moja, kimoja hula chuma wiki nzima na kingine humeguka kabla ya chai ya saa nne. Visu vimo mkobani. Jibu ni refu, ndiyo maana nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu, Ami, wewe hukatiza watu.

Safari ilikuwa nzuri. Treni ilitushusha Syokimau, tukaingia mjini, na asubuhi yake nikapanda matatu ya Kangemi. Inapanda Waiyaki Way, inapita Museum Hill na Westlands, na juu ya vichwa vyenu muda wote ni ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Inaishia James Gichuru. Baada ya hapo mbingu inarudi, konda anagonga bati, na abiria nusu ya gari wanashuka pamoja na magunia yao. Upande mmoja wa barabara ni Loresho yenye miti na mageti ya umeme. Upande wa pili ardhi inateremka bondeni, na huko ndiko Kangemi: magorofa membamba yaliyosimama bega kwa bega na nyumba za mabati, soko lisilolala mapema, na Kiluhya kila kona, utadhani umeshuka Kakamega.

Mwenyeji wangu alinipitisha kwanza parokiani, pale alipofika Papa Fransisko tarehe 27 Novemba 2015. Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, seremala, na ukitoka tu langoni unasikia misumeno. Karakana zimeshikana: huyu anachomelea mageti, yule anapasua saiprasi ya vitanda, wa tatu anauza milango iliyotolewa katika nyumba zilizobomolewa Lavington. Nikasema hapa ndipo pa kuuliza swali la Ami.

Nilianza na fundi wa vigae. Ana kopo limejaa biti za kutobolea zege zilizokwisha, hazitupi. Nilimuuliza anatambuaje biti nzuri. “Bei,” akasema, kisha akacheka mwenyewe. “Lakini hata bei hudanganya. Hii nilinunua ghali, ikaisha jikoni kwa mtu mmoja. Hii nyingine niliokotewa na kijana wangu, imetoboa jengo zima.” Seremala wa jirani ana shida hiyo hiyo kwenye msumeno wake wa duara, ule wenye meno madogo ya kijivu yaliyochomelewa juu ya sahani ya chuma. Akipasua MDF, meno ya msumeno mmoja huisha polepole, yakawa butu kwa utaratibu. Ya mwingine hukatika pembe ghafla. Na wachimba visima, wanaokwenda mamia ya futi chini kutafuta maji kwa ajili ya matajiri wa Loresho na Kitisuru, wanakutana na mawe ya volkeno magumu. Tabaka moja wanajiolojia wameliita kwa jina la Kabete, hapa karibu tu. Nyundo zao zina vifungo vya kabaidi usoni. Kifungo kimoja kikivunjika, vipande vyake huvunja vingine.

Wote hao, Ami, wakishika ncha ya kabaidi mkononi wanaangalia umbo na jina la kampuni. Kilichoamua maisha ya ncha ile kilitokea ndani ya tanuri, na hakikuacha alama nje. Ukinunua kabaidi umenunua moto wa mtu: joto alilolipandisha, muda alioushikilia, na hewa aliyoiacha ndani.

Nieleze kwa mfano unaoujua. Shangazi anapopika kashata, njugu hazikuyeyuka. Kilichoyeyuka ni sukari, ikapita katikati ya njugu, ikazivuta pamoja, na ilipopoa ikazifunga. Sukari isipoiva kashata hubomoka mkononi. Ikipitiliza huwa chungu na kupasuka kama kioo. Katika ncha ya biti, njugu ni chembe za kabaidi ya tangsteni, kitu cha jamii ya kauri kwa ugumu wake, na sukari ni kobalti, metali.

Kabaidi ya tangsteni huhimili joto hadi karibu nyuzi 2,800 za Selisiasi, kwa hiyo kwa ajili ya visu haiyeyushwi na kumiminwa. Husagwa ikawa unga, unga huo huchanganywa na unga wa kobalti, mara nyingi kati ya asilimia 6 na 12, pamoja na nta kidogo, halafu mchanganyiko hushindiliwa kwenye kalibu. Kinachotoka hapo kina umbo la kisu lakini hakina nguvu. Ukikibana kwa vidole kinavunjika. Ndipo kiingie tanurini. Kobalti peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,495, lakini ikigusana na tangsteni na kaboni huanza kuwa majimaji mapema zaidi, karibu na 1,300. Majimaji hayo huvuta chembe zisogeleane, na kipande kizima hunywea. Kila upande hupungua kwa asilimia 17 hadi 20, na ukubwa wote hubaki zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo mwenye kiwanda hutengeneza kisu kikubwa kupita kiasi, akijua moto utakileta kwenye kipimo. Unga ukishindiliwa vibaya, au joto likiwa kali upande mmoja wa tanuri, kisu hutoka kimepinda.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Viwandani hulishikilia kati ya nyuzi 1,350 na 1,500, kwa muda wa saa moja hivi. Likiwa pungufu, kobalti haifiki kila pembe, na ndani hubaki vitundu. Huvioni kwa jicho, lakini nyundo ya kutobolea huvijua: ufa wa kwanza huanzia hapo. Likiwa kubwa mno, au likikaa sana, chembe ndogo za kabaidi huyeyuka ndani ya kobalti na kwenda kujijenga juu ya chembe kubwa. Kubwa zinazidi kukua, ndogo zinatoweka. Hiyo ndiyo hasara ya kisu chako cha kukereza, kwa sababu makali yanayodumu yanahitaji chembe laini, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe zikikua, ugumu hushuka na makali huisha mapema. Na pakitokea chembe moja moja zilizovimba kupita nyingine, kisu hukatikia palepale. Viwanda vinavyotaka chembe ndogo huongeza kabaidi ya vanadi au ya kromi kidogo sana, nazo huzuia ukuaji huo.

Usifikiri lakini kwamba chembe ndogo ni bora kwa kila kazi. Yule fundi wa vigae anagonga zege, na kifungo cha kisima kinapigwa na nyundo usiku kucha. Hao wanataka chembe kubwa kidogo na kobalti ya kutosha, ili ncha ivumilie pigo hata kama ugumu wake ni wa chini. Wewe unakereza chuma taratibu, huna mapigo, unataka ugumu. Biti iliyomfaa yeye ingekufia wewe, na kisu chako kikitiwa kwenye zege kitapasuka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo baadhi ya lawama tunazowatupia watengenezaji ni zetu sisi wanunuzi, tunaochanganya vitu dukani.

Jambo ambalo mafundi wa hapa hawakuwahi kulisikia, na lililowakusanya kunizunguka, ni la kaboni. Kabaidi ya tangsteni ina kaboni asilimia 6.13 kwa uzani. Tanuri linapaswa kuilinda hesabu hiyo, na nafasi ya kukosea ni finyu, sehemu ya kumi moja au mbili tu ya asilimia. Unga uliokaa ghalani umebeba oksijeni juu yake. Ukipashwa joto, oksijeni hiyo hubeba kaboni na kutoka nayo kama gesi ya monoksidi ya kaboni. Kaboni ikipungua hivyo, tangsteni na kobalti huungana vibaya, na ndani ya ncha huzaliwa kitu kingine, kigumu lakini chenye kuvunjika ovyo, kilichomeza sehemu ya kobalti iliyotakiwa kushika chembe. Hayo huenda ndiyo meno yanayokatika pembe kwenye msumeno wa seremala. Kaboni ikizidi, mfano nta ilipoondolewa kwa haraka ikaacha masizi, ziada hukaa kama madoa ya grafiti, na ncha inakuwa dhaifu. Ndiyo maana nta huondolewa polepole kwanza, kwenye nyuzi mia tatu hadi mia tano, halafu tanuri hufungwa katika ombwe au katika gesi iliyopimwa, ili hewa ya kawaida isiguse kitu.

Kijana mmoja wa kuchomelea akauliza: sasa mwenye kiwanda atajuaje kama ndani kumeharibika, naye hawezi kuvunja kila kisu? Swali la akili. Jibu ni sumaku. Kobalti huvutwa na sumaku, na nguvu ya mvuto huo hubadilika kaboni ikipungua, na hubadilika tena chembe zikikua. Kiwanda hupima visu kwa mashine ya sumaku, kikalinganisha na kipimo cha kobalti iliyotiwa, na kwa hesabu hiyo kikajua tanuri lilifanya nini bila kuharibu bidhaa. Kijana alitoa sumaku ya spika kuukuu pale pale akaanza kujaribu biti za kopo. Nilimwambia mkono hauwezi kupima tofauti ndogo hivyo, hakunisikiliza.

Kuna pia shinikizo. Matanuri ya kisasa, ombwe likishafanya kazi yake na kobalti ingali majimaji, huingiza gesi ya argoni kwa nguvu ya baa 30 hadi 100, ikavibana vile vitundu vya mwisho vikafunga. Hapo kisu kikitoka, uwezekano wa kuvunjika ghafla umeshuka sana. Tanuri la namna hiyo ni ghali, na hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya kampuni na kampuni, hata unga ukiwa sawa.

Elimu hii si ya kale sana. Mwaka 1923 Mjerumani Karl Schröter, akifanya kazi na kampuni ya taa ya Osram mjini Berlin, alitafuta kitu cha kuvutia nyaya nyembamba za tangsteni za balbu badala ya almasi, akaja na unga huu wa kabaidi na metali. Kampuni ya Krupp ikaanza kuuza visu vyake kwa jina la Widia kabla ya muongo ule kwisha.

Ukiniuliza kuhusu vile visu vya rangi ya shaba hafifu au kijivu vinavyong'arisha chuma vizuri, vile ulivyosifia, hivyo si kabaidi ya tangsteni. Ni sameti: chembe za titani zenye kaboni na naitrojeni, zikishikwa na nikeli na kobalti. Zamani sameti zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika, kwa sababu nikeli ikiyeyuka haikuenea vizuri juu ya kabaidi ya titani. Mwaka 1956 watafiti wa Ford, Humenik na Parikh, walionyesha kuwa ukiongeza molibdeni majimaji hulowesha chembe sawasawa, na chembe hubaki ndogo. Baadaye ikaongezwa naitrojeni, na Wajapani wakazipenda kuliko watu wote. Lakini naitrojeni nayo inataka ulinzi wake: tanuri likiwa ombwe tupu, gesi hiyo hukimbia kutoka kwenye kisu na kuacha vitundu na ngozi isiyofanana na ndani. Kwa hiyo huingizwa naitrojeni ya kipimo wakati wa kuoka. Halafu kuna wajanja waliogeuza kasoro hiyo kuwa faida. Katika visu vingine vya kabaidi huachia naitrojeni kidogo itoroke makusudi, ili ngozi ya juu ipate kobalti nyingi na kuwa nyumbufu, ndipo wakaipaka ile rangi ya dhahabu unayoipenda. Ufa ukianza kwenye rangi, hukwama kwenye ngozi hiyo.

Sasa nikwambie lililonikera. Jioni tulikaa kibandani tukinywa chai, nikawachorea ramani kwenye karatasi ya kufungia mandazi. Tangsteni inachimbwa Rwanda, pale Nyakabingo kaskazini ya Kigali, na Uganda upande wa Kisoro na Kabale. Kobalti, zaidi ya nusu ya inayotumika duniani inatoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, kwa wachimbaji wanaozungumza Kiswahili kama wewe na mimi. Titani tulikuwa nayo Kwale, karibu na kwenu kabisa, mchanga mweusi ukipakiwa melini hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024. Vingi katika hivyo huondoka kupitia bandari kama Mombasa au Dar es Salaam, kabla havijaokwa. Vinaokwa Sweden, Austria, Japani na China. Vinarudi bandari zile zile vikiwa kwenye vijisanduku vya plastiki, kipande kimoja bei ya mlo wa familia. Fundi wa mageti akaniambia, “Kwa hiyo sisi tunanunua mawe yetu?” Nikamwambia hapana, mawe ni sehemu ndogo ya bei. Tunanunua saa moja ya moto.

Na moto huo si uchawi. Mwendo mfupi tu kutoka hapa, ukiendelea na Waiyaki Way, iko Kabete National Polytechnic, iliyoanza mwaka 1924 kama shule ya ufundi ya serikali ya kikoloni. Vizazi vya mafundi chuma wa nchi hii vimepita pale. Mjini kuna Numerical Machining Complex, ya mwaka 1994, inayochonga vipuri kwa mashine za kompyuta. Watu wanaojua kupima nusu ya unywele tunao. Tanuri la ombwe linataka umeme usiokatika, gesi safi, na mtu mwenye subira ya kuandika joto kila dakika. Mimi sisemi tuanze kesho kushindana na Wasweden kwenye visu vya kukerezea vipuri vya ndege. Nasema vifungo vya kuchimbia visima na ncha za kutobolea zege ni vitu vya kiasi, vina soko hapa kila siku, na ndipo ningeanza ningekuwa na mtaji. Wewe utasema naongea kama mbunge. Haya.

Yanayokuhusu wewe karakanani ni haya. Kwanza, panga lile sanduku lako kwa uzani. Kabaidi ya tangsteni ina uzito unaokaribia mara mbili ya chuma cha ukubwa uleule. Sameti ni nyepesi, hata kuliko chuma. Mkono wako utatambua bila mizani, na hutachanganya tena: sameti kwa kumalizia chuma laini, kabaidi kwa kazi nzito. Pili, usinoe kabaidi kwa jiwe la kijivu la kawaida. Tumia la kijani au la almasi. Na kikipata joto usikitumbukize majini, maana kitapata nyufa usizoziona, halafu utasema tena kiwanda ni wezi. Fundi wa vigae wa hapa alikuwa akitoboa kavu hadi biti inawaka nyekundu, kisha anaizamisha ndooni, tumeelewana ataacha.

Tatu, na hili nakuomba kama mwanao: funga pua na mdomo unaponoa, na ulowanishe jiwe. Vumbi la kabaidi pamoja na kobalti huharibu mapafu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kikohozi chako cha asubuhi usikisingizie upepo wa bahari.

Mwisho, vipande vilivyovunjika usiwape wanunuzi wa chuma chakavu kwa bei ya chuma. Kabaidi hurejelezwa, viwanda huivunja tena kuwa unga, wengine kwa kutumia zinki iliyoyeyuka, na ina bei yake. Yule wa vigae nimemwambia kopo lake ni akiba, akalihamishia chini ya kitanda siku ile ile. Nawe tafuta kopo, liandike jina lako, na kabla ya kuuza uliza bei kwa watu watatu.

Nisalimie Shangazi na wote nyumbani.

Ni mimi mwanao.